Kukaribia si kufika

Shuleni Kabongo tulifundishwa hesabu kwa Kifaransa. Uwanjani tulisema Kiluba na Kiswahili. Neno "limite" lilipoandikwa ubaoni, wengi waliwaza mpaka wa shamba.

Chukua fanksheni (x² − 4)/(x − 2). Ukiweka 2, unapata sifuri juu ya sifuri: haina thamani hapo. Lakini weka 1,9, utapata 3,9. Weka 1,99, utapata 3,99. Njoo upande wa pili na 2,01, utapata 4,01. Pande zote mbili zinakaribia 4, ingawa kwenye 2 penyewe pana tundu.

Kiswahili sanifu husema "kikomo", kutoka "koma". Nalo linapotosha kidogo, maana fanksheni hii haikomi kwenye 2, inaendelea ng'ambo. Maana yenyewe imo katika "karibia". Hata Cauchy, mwaka 1821, alieleza limiti kwa thamani zinazokaribia nyingine hadi tofauti iwe ndogo kadiri tutakavyo.

Mwanafunzi asiyepewa kitenzi hicho hurahisisha sehemu kwa mazoea tu, na swali la mtihani wa serikali likigeuzwa kidogo, anakwama. Sisi wa lugha tuna kazi hapo: tumpe kitenzi kwanza, nomino ifuate.