Magurudumu ya Nyuma

Ukiwaambia watu Nairobi unatafuta gari la kudrifti, karibu kila mtu anakujibu Subaru. Kinyozi, dereva wa matatu, hata binamu yangu ambaye hajawahi kumiliki baiskeli. Nawaelewa. Tumelelewa na Safari Rally, na mlio wa Subaru mtaani saa nane usiku unaamsha mtoto na mlevi pamoja. Lakini Subaru wanazozimaanisha husukumwa na magurudumu yote manne, na drifti inataka ugomvi: ya mbele yaelekee unakotaka kwenda, ya nyuma yazunguke kwa nguvu hadi yashindwe kushika lami, na wewe katikati ukiamua kwa usukani na mafuta lini waachane. Magurudumu yote yakivuta, gari linajinyoosha lenyewe. Ni sifa nzuri ukiwa kwenye vumbi la Naivasha. Kwangu ni hasara.

Kwa hivyo sharti la kwanza, nguvu iende nyuma. La pili, klachi na gia za mkono, kwa sababu kuna wakati unaipiga klachi teke moja tu ili magurudumu yashtuke na gari lilale upande. La tatu lilikuwa mfukoni: 520,000, na hapo basi.

Hizo pesa nimeziandika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, na tangu hapo nakula maneno: maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni ya Marekani, makala kuhusu magodoro, makala kuhusu bima ya mbwa. Ndiyo, bima ya mbwa. Miaka minne. Mama yuko Machakos na anajua nina akiba, na kichwani mwake akiba hiyo ina majina mawili tu, karo ya kurudi chuo au kipande cha shamba. Nilipomwambia nataka gari alifurahi. Nilipomwambia ni gari la kufanya nini, simu ikanyamaza kidogo.

"Hilo la kuchoma matairi?"

"Ndiyo, mama."

"Na tairi moja ni pesa ngapi?"

Nikamwambia nyuma tutaweka ya mtumba. Hakucheka.

Watu hudhani tunatafuta magari ya zamani kwa sababu ya filamu. Filamu zimo, siwezi kukataa, lakini sababu kubwa iko chini ya gari. Toyota walipotoa Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86 mwaka 1983, bado zilisukuma nyuma. Mwaka 1987 warithi wake wakahamia mbele, kama magari mengi madogo ya wakati ule. Mwaka huohuo Keiichi Tsuchiya alitoka kwenye video akiitelezesha AE86 yake barabara za milimani Japani, kona baada ya kona, injini ya lita 1.6 tu kwenye gari lisilofika tani moja. Nissan nao walikuwa na Silvia na 180SX, mpaka Silvia ya mwisho, S15, ilipokoma kutengenezwa 2002. Yapo magari ya karibuni yenye tabia hiyo, kama Toyota 86, ila bei yake si ya mtu wa bima ya mbwa.

Halafu kuna sheria yetu ya miaka minane. Gari lililopita umri huo halipokelewi Mombasa. Kwa hivyo S15 yoyote unayoiona hapa iliingia zamani, na haitaongezeka nyingine. Ndai zote nilizoweza kumudu zimeishi Kenya miaka kumi na zaidi. Zimekula matuta yetu na mafundi wetu. Mtu akikuuzia gari kama hilo, anakuuzia pia tabia za watu wanne au watano waliolishika kabla yake, na wengi wao hawakubadilisha oili kwa wakati.

180SX niliipata Ruiru, chini ya mwembe, taa zake za kujificha zimekwama, moja juu moja chini, kama mtu anayekukonyeza. Nilipiga magoti na tochi nikasoma nambari ya chesisi. Ya kwenye logbuku ilikuwa nyingine kabisa. Mwenyewe akasema hiyo ni makosa ya karatasi, ati itarekebishwa. Nilimshukuru kwa chai.

Ya South C iliniuma. Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE yenye nguvu za farasi 210, gia sita za mkono, na dashibodi iliyochorwa kama saa ya mkononi, mishale midogo ndani ya mshale mkubwa. Muuzaji alikuwa akimjibu binamu yangu maswali niliyouliza mimi. Nikauliza kuhusu difu, akamwambia binamu, "Hiyo haina shida kabisa, buda." Binamu hajui difu ni nini. Nikaomba kuliendesha polepole ndani ya maegesho, usukani umekatwa mpaka mwisho. Nyuma kukaanza kuruka na tairi kulia, nyiii, nyiii, kila nilipozunguka. Kwenye kona tairi la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na difu ya kawaida huruhusu kila moja liende mwendo wake. Hii ilikuwa imechomelewa ili yazunguke pamoja kwa lazima. Ni mbinu ya drifti ya watu wasio na pesa, nami ningeifanya siku moja. Lakini aliyeichomelea alikuwa ameshaifaidi ndai hiyo, kisha akasahau kulitaja jambo hilo. Kama alisahau hilo, alisahau na mengine. Alitaka laki tano na nusu.

Kuhusu Mark X nitasema kidogo. Inasukuma nyuma, ina nguvu, na zimejaa mji mzima. Jirani yetu wa zamani alikufa ndani ya moja, Thika Road, usiku, akiwaonyesha wenzake. Alikuwa na miaka 23. Mama alikuwa akimpa chai kwetu tangu akiwa mdogo. Nilizisikia zile dakika za kimya kwenye simu na nilijua alikuwa akimfikiria nani. Mimi nateleza uwanjani tu, mahali pamefungwa, unalipa kiingilio na unavaa helmeti. Nilimweleza. Alisema amesikia. Kusikia na kukubali kwa mama ni vitu viwili.

Wiki iliyofuata alipiga mwenyewe. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Likikufia njiani, utaliamsha mwenyewe?"

Hilo swali ndilo lililochagua gari. Kitengela kulikuwa na Mark II ya GX110, ya mwalimu mstaafu, nyeupe, lina kitambaa cha kufuma nyuma ya kiti. Halina sura ya mashindano hata kidogo. Lakini injini yake ni 1G-FE, silinda sita za mstari, lita mbili, farasi 160, na injini hiyohiyo iliwekwa kwenye Altezza ya AS200, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na gia sita za mkono pia. Fundi wangu wa Kirinyaga Road alisema gia hizo zitakaa, pamoja na pedali na klachi yake, kinachobaki ni kurekebisha shafti. Spea zake zimejaa pale. Nyingi naweza kuzifunga kwa mikono yangu. Nusu ya uhandisi bado ni uhandisi. Mwalimu alinionyesha risiti za oili tangu 2014, zimepangwa kwa mwaka. Na alinijibu mimi.

Gari 360,000. Gia na vitu vyake 85,000. Nimebaki na 75,000, na humo kuna kiti, bima, matairi na kazi ya fundi.

Sasa liko juu ya stendi, tumbo wazi, gia ya zamani iko sakafuni juu ya gunia. Kile kitambaa nimekiacha palepale. Mama ameomba picha, nikamtumia, akajibu, "Mbona halina magurudumu?" Helmeti bado. Nimehesabu: makala tatu za magodoro.