Nishani ya Kweli na Nishani ya Bandia

Vita vikiisha huacha makaburi na masalio. Makaburi hayana soko, lakini masalio yana soko, na palipo na soko hapakosi mghushi. Nishani, vifungo vya sare, kofia, majambia na sarafu za zama za vita hununuliwa leo kwa bei ambayo askari aliyekuwa navyo hakuiota maishani mwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nayo nishani ikisifiwa, mhunzi husubu nyingine mfano wake.

Watu wengi hudhani kuwa kitu cha bandia hujulikana kwa ubaya wake. Dhana hii huwafilisi wanunuzi, kwani bandia nyingi ni nzuri kuliko asili. Kitu cha kweli hakikufanywa ili kitazamwe na mkusanyaji. Kilifanywa ili kivaliwe, kitumike na kichakae. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi kama kitu chapendeza, bali kilitengenezwaje.

Chukua, mathalan, Msalaba wa Chuma wa Wajeremani, ulioanzishwa Prussia mwaka 1813 na kurudishwa katika vita vya 1870, 1914 na 1939. Msalaba wa 1914 si pande moja la madini. Moyo wake ni chuma kilichotiwa rangi nyeusi, nao umekumbatiwa na fremu ya fedha yenye nusu mbili zilizolehemiwa pamoja. Mghushi mvivu humimina madini katika kalibu moja na kutoa msalaba mzima kwa mara moja. Mahali palipostahili kuwa na mwungano wa chuma na fedha pana rangi tu. Sumaku huvuta chuma, wala haivuti zinki wala risasi. Walakini sumaku ni shahidi, si kadhi. Mghushi hodari hutia chuma ndani, na kwa upande mwingine misalaba michache ya kweli ilitengenezwa kwa moyo usiovutwa na sumaku. Ushahidi mmoja hautoshi kuhukumu. Sharti mashahidi wawe wengi na maneno yao yapatane.

Uwongo wa pili ni mwerevu zaidi, maana nishani yenyewe ni halali. Nishani ya Vita ya Waingereza ya 1914 hadi 1918, iliyotolewa kwa mamilioni, ni ya fedha na kipenyo chake ni milimita 36. Ukingoni mwake pamegongwa cheo na jina la mwenyewe, na kwa askari wasio maofisa, namba na kikosi chake pia. Nishani ya askari asiyejulikana ni rahisi. Nishani ya ofisa aliyetajwa katika vitabu ni ghali. Basi tamaa husugua jina la kwanza kwa tupa na kugonga la pili. Lakini fedha iliyosuguliwa hairudi. Kipenyo hupungua, ukingo huwa mwembamba mahali pamoja kuliko pengine, na herufi mpya hazilingani na zile zilizotumiwa na kiwanda. Kipimo cha fundi huona lisiloonwa na jicho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari za nishani hizo zipo, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London. Jina lisilo daftarini lina kesi ya kujibu.

Kinyume cha hayo ni nyota za shaba za vita vya 1939 hadi 1945. Zile walizopewa askari wa Uingereza hazikuchongwa majina. Nyota ya namna hiyo yaweza kuwa ya kweli kabisa, na hadithi inayouzwa pamoja nayo ikawa uwongo mtupu. Muuzaji husema ilivaliwa na fulani katika mapigano fulani. Nyota haikubali wala haikatai. Hapo mnunuzi mwenye busara hulipia shaba na utepe, na hadithi humwachia msimulizi.

Nguo nazo husema. Uzi wa poliesta katika sare inayodaiwa kuwa ya 1916 ni ungamo la kosa, kwa kuwa poliesta ilibuniwa mwaka 1941. Dawa za kung'arisha nguo, ambazo huwaka buluu chini ya taa ya urujuanimno, zilienea baada ya Vita vya Pili. Hata hivyo sare ya zamani iliyofuliwa jana kwa sabuni ya leo huwaka vilevile. Haraka ya kushutumu ni ndugu wa haraka ya kusadiki.

Afrika Mashariki ina sarafu yake katika shauri hili. Mwaka 1916, koloni la Wajeremani lilipokuwa limezingirwa na manowari za Waingereza, sarafu hazikuweza kuja kutoka Ulaya. Karakana ya reli mjini Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha, na dhahabu ya Sekenke ikapigwa chapa ya ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka sarafu za rupia 15 zipatazo 16,000 na zaidi, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauingia mji Septemba mwaka uleule. Uchache umezipa thamani, na thamani imezizalia pacha wasio wa tumbo moja. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa muhuri, na ya uwongo aghalabu ilimiminwa. Chini ya kioo cha kukuzia, iliyomiminwa huonyesha vitundu kama ngozi ya chungwa na mistari iliyolegea katika mikunjo ya ndovu. Mzani nao huuliza kama gramu 7 na kidogo zimetimia.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo ya mshahara askari wazee waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, mamia walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare. Mlipaji akampa kila mzee ufagio, akamwamrisha kwa Kijeremani afanye kwata ya bunduki. Hapana aliyeshindwa. Kisa hiki kimepokewa kitabu baada ya kitabu, nacho, kama kila masalio, chastahili kuwekwa mzanini kabla ya kununuliwa. Lakini maana yake ni nzito: karatasi huibwa na sare huazimwa, bali miaka iliyoingia katika viungo vya mtu haina kalibu.

Limebaki jambo moja ambalo bei za soko hazilisemi. Katika vita hivyo hivyo wapagazi walichukua chakula na risasi vichwani mwao toka pwani hata bara, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi na njaa. Hapana mghushi anayetengeneza kata ya mpagazi wala kamba yake, kwa kuwa hapana mkusanyaji anayezitafuta. Uwongo huandama heshima kama kivuli kiandamavyo mtu. Asiyeheshimiwa hata kivuli hana. Anayetaka kujua ni nani waliosahauliwa na vita, na aangalie ni nani ambao masalio yao hayajawahi kughushiwa.

Hapa ndipo madhara ya bandia yanapozidi hasara ya mfuko. Fedha iliyopotea huchumwa tena. Lakini jina lililosuguliwa ukingoni mwa nishani ni mtu aliyefutwa mara ya pili, na jina lililogongwa juu yake hupewa ushujaa ambao wanafunzi wa kesho watausoma kuwa historia. Kwa sababu hiyo tupa ya mghushi na kalamu ya mwanachuoni mzembe hufanya kazi moja.

Wapagazi, hata hivyo, hawakuondoka bure. Kikosi chao, Carrier Corps, kiliacha jina la Kariakoo katikati ya Dar es Salaam; na heller ya Wajeremani, iliyokuwa sehemu ya mia ya rupia tangu 1904, ingali midomoni mwa watu kila wanapotafuta hela. Masalio hayo hayawekwi kabatini wala hayapigwi mnada. Muuza nyanya na mnunuzi wake huyapokezana kila asubuhi, na hapana aliyewahi kuwauzia ya bandia.