Huna dadu za pande 20? Njoo Kitete tucheze msafara

Mlioangalia Stranger Things mnawakumbuka wale watoto wanaokaa mezani, wanarusha dadu na kupiga kelele kuhusu madudu ya kutisha. Mchezo ule unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wananiuliza unaanzaje wakati vitabu ni bei mbaya na dadu zake zina mpaka pande 20. Jibu langu ni fupi: anza na dadu ya ludo.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema mko wapi na mbele kuna nini, wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu inaamua. Sheria za msingi za D&D ziliachiwa mwaka 2023 mtu yeyote azitumie bure, ila ni mamia ya kurasa. Za kwetu zinaenea nusu karatasi: una pointi 4, zigawe kwenye nguvu, akili na maneno. Rusha dadu, jumlisha pointi zako, ukifika 5 umefanikiwa. Imeisha hiyo.

Sasa hadithi. Makasri ya Ulaya ya nini wakati tunaishi Tabora? Karne ya 19 mji huu ndio ulikuwa njia panda ya misafara, huku Bagamoyo, kule Ujiji. Wanyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi mitatu au zaidi: shanga na vitambaa kuja bara, pembe za ndovu kwenda pwani. Kwa hiyo kwetu kuna kirangozi anayeongoza njia, mpagazi, mganga, na mke wa mpagazi, maana wanawake nao walisafiri. Ukipita kwa mtemi unalipa hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia kabisa, siyo hii ya siku hizi, na kuijadili ndipo pointi za maneno zinapolipa. Tukitaka moto zaidi tunaweka mwaka 1871, Mirambo yuko vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji imefungwa. Hapo kila mtu anakaa sawa.

Lakini njia hii ilipitisha na watumwa. Mwanzoni wenzangu walisema tuwaruke, tunacheza tu. Mimi ndiye msimulizi, nikawaweka. Usiku wa pili msafara unaelekea pwani, tajiri kanunua watu sita, wamefungwa kamba.

Kati yetu kuna jamaa anaendesha bodaboda, mpole, anaweza kukaa saa nzima hajaongea. Mhusika wake ni mpagazi. Nikamwambia: tajiri amelala, kisu unacho, ila ukikamatwa ujira wako wote umekwenda, na nyumbani wanakusubiri. Kimya. Wengine wakaanza kumshauri, "Achana nao, siyo shida yako." Akasema, "Hilo ndilo naambiwa kila siku barabarani." Akachukua dadu. Nguvu alikuwa na 2, ikatoka 2. Nne. Kamba imekatika ya mtu mmoja tu, mlinzi kaamka.

Hakuna aliyecheka. Tulibaki tunabishana mpaka saa sita usiku: alifanya sawa au kawaponza wale watano? Shule tulisomeshwa kuhusu misafara, tukaandika kwenye mtihani tukasahau. Pale mezani mtu aliulizwa yeye angefanya nini, na ilibidi ajibu mbele za watu.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, tafuta watu watatu au wanne, dadu moja, kalamu, na njia mnayoijua wenyewe. Kama uko Kilwa, weka jahazi. Kama uko Moshi, weka mlima. Saa mbili zinatosha kwa mara ya kwanza. Ila msimulizi, nakuomba kitu kimoja: usiwarahisishie. Wape jambo ambalo kila jibu lina gharama, halafu nyamaza usikilize.

Haya, na wewe niambie: una kisu, tajiri amelala, nyumbani wanasubiri ujira. Unafanyaje?