Kitu Kilichotulia ni Kipi?
Katika mashindano ya wapiga picha wa kujifurahisha, ugomvi mmoja hauishi: ni kitu gani kihesabiwe kuwa kimetulia? Wengine hudhani kila kisichokwenda chafaa, hata mlima. Sisi twasema sivyo. Mwaka 1930, huko California, Edward Weston alitwaa pilipili hoho, akaiweka ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke, ndipo akaipiga picha. Pilipili ile haikujipanga yenyewe. Basi alama ya picha hizo ni mkono uliochagua na kupanga. Ua lililo bustanini ni la bustani. Likikatwa na kutiwa chomboni, limo. Mwamuzi asiyetangaza kanuni yake mapema humdhulumu mshindani, kwani amhukumu kwa sheria asiyoijua.