Jiko la Mama

Kila Novemba ikielekea ukingoni, wakati hapa Houston bado tunatembea na kandambili, mimi hupanda darini na tochi, mkasi na mirija ya sponji. Watanzania wenzangu hunicheka: mtu wa Njombe anaogopa baridi!

Baridi ya Njombe naijua. Juni na Julai kuna asubuhi unaamka nyasi nyeupe, umande umeganda. Mama aliwasha jiko la mkaa nje, likikolea analiingiza ndani, tunalizunguka na mahindi yetu. Chini ya bati kulikuwa na mianya mpana wa kiganja, na upepo ulipita humo usiku kucha. Tuliilalamikia sana mianya ile. Kumbe ndiyo iliyokuwa inatuweka hai.

Februari 2021 baridi ilitufuata Texas. Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15, sisi na mamilioni ya wengine. Nyuzi zilishuka hadi 10 chini ya sifuri. Nyumba za huku zimejengwa kupambana na jua, na mabomba mengi yanapita darini, kwenye baridi yote. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba linapasuka kimyakimya. Hujui kitu mpaka barafu iyeyuke. Hapo ndipo maji yanakumwagikia.

Usiku wa pili tulikuwa tunaziona pumzi zetu sebuleni. Mdogo wetu, miaka minne, alitetemeka mpaka akashindwa kulia. Nikampigia Mama.

"Si una mkaa, mwanangu? Washa jiko, fungeni mlango, mlale."

Mkaa nilikuwa nao, na jiko dogo la kuchomea nyama pia. Nikaliwasha uani, likakolea, nikaliingiza. Mke wangu alikuwa ameshaziba chini ya milango kwa mataulo na kutundika mablanketi madirishani. Akaliangalia jiko, akaniangalia mimi.

"Baba, hewa itatokea wapi?"

Nilikasirika. Niliona kama anamkatalia mama yangu. Lakini jibu sikuwa nalo. Nikalirudisha nje, tukalala wanne kitanda kimoja, na makoti na vitenge vyote juu yetu.

Baadaye serikali ya jimbo ilihesabu waliokufa: 246. Wengi waliuawa na baridi. Wengine waliuawa na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, kutoka kwenye moto na injini walizowasha wapate joto. Watu kama mimi tu, ila hawakuwa na wa kuwauliza.

Sisi dari ilianguka, mazulia yakaoza. Hayo yalinunulika.

Sasa najiandaa mapema. Mabomba ya darini nayavisha sponji, ya nje nayafunika. Usiku wa kuganda nafungua makabati ya chini ya sinki ili joto la nyumba liyafikie mabomba, na naacha maji yachuruzike uzi mwembamba. Koki kuu ya maji kila mtu anajua ilipo, hata yule mdogo. Na karibu na vyumba vya kulala kuna king'ora cha betri cha kunusa ile hewa.

King'ora kama hicho nilinunua cha pili. Wadogo zangu wamemjengea Mama nyumba mpya: dari ya jipsamu, madirisha ya vioo, hakuna mwanya hata wa mjusi. Tulijivunia sana picha zake. Siku moja, kwenye simu ya video, nikaliona jiko nyuma yake, jekundu, katikati ya sebule. Nikamtumia kile king'ora kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani.

Julai akanipigia.

"Hiki kidude chako kina kelele! Kila nikiingiza jiko kinalia. Nimekitoa nje."

Nikakaa chini. Nikamsimulia usiku wetu wa Februari, tangu simu yake mpaka swali la mkwewe. Sikuwahi kumwambia. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo mimi ningewaua?"

"Hapana, Mama. Nyumba yako ya zamani ilikuwa inapumua. Hii mpya haipumui."

"Sasa nifanyeje, na baridi hii?"

"Kirudishe kidude ndani. Cha kutoa nje ni jiko."

Nikasikia mlango ukifunguliwa.