Bibi Yangu na Yule Mama Asiye na Tiketi

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu ya kuandika, nikaikwepa. Nilisema nina malaria. Malaria nilikuwa nayo kweli, ila ilikuwa ya siku nne, na mwezi una siku zaidi ya hizo. Ukweli ni kwamba kichwani nilikuwa na jambo moja tu, safari, na sikutaka kuliandika. Leo nitaliandika, lakini mnivumilie, nitaanzia mbali kidogo, kwenye sinema za zamani za ajali za ndege.

Desemba 2024 mimi na bibi yangu tulipewa tarehe. Kesi yetu ina watu wawili tu. Mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, yuko Texas tangu 2015, ana watoto watatu ambao bibi anawajua kwa simu tu. Tulishamaliza intavyuu zote, tulishapimwa, tukaingia kwenye yale mafunzo ya wanaoondoka. Mwalimu akatuonyesha picha: mkanda wa kiti unafungwa hivi, choo cha ndege kiko hivi, hii ni ngazi inayotembea yenyewe, msiiogope. Bibi akarudi nyumbani kimya. Jioni hakula.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema: "Bwana wangu" (ndivyo anavyoniita, mnawajua bibi zetu na wajukuu wa kiume), "mimi nimevuka ziwa usiku, mtumbwi umejaa maji mpaka hapa. Sikuogopa hivi. Mtumbwi ukizama unashika ubao. Ndege ikizama unashika nini?"

Sikuwa na jibu. Nikafikiri labda akiiona ndege kwa ndani, watu wamekaa, wanakula, wanasinzia, atatulia. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa mwalimu kule Baraka, ana laptopu yenye sinema alizoachiwa na mzungu aliyemaliza mkataba wake hapa. Huyo mzungu inaonekana alipenda kitu kimoja duniani, ndege zinazopata matatizo. Kulikuwa na Airport ya 1970, Airport 1975, Airport '77, ile ya Concorde ya 1979, na nyingine ya zamani zaidi, Zero Hour! ya 1957. Nilitafuta hata moja ambayo ndege inaruka na kutua bila shida yoyote, sikuipata. Nikajiambia ndege ni ndege. Na kweli, nani atatengeneza sinema ya ndege iliyofika salama tangu mwanzo?

Najua wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mmeshika vichwa. Bibi anaogopa ndege, wewe unamwonyesha ndege yenye bomu! Haya, sikilizeni kilichotokea.

Tuliweka laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Walikuwepo bibi, mwalimu, watoto wa jirani kama sita, na mama mmoja aliyekuja kuomba chumvi akaondoka saa tatu usiku. Mimi nikawa natafsiri kama madijei wa kibanda umiza, ila bila mbwembwe, maana bibi hapendi kelele.

Airport ni kisa cha usiku mmoja. Theluji inaanguka kwenye uwanja mkubwa wa ndege Chicago. Ndege moja imekwama kwenye theluji na kuziba njia ya kutulia. Wakati huohuo nyingine inaondoka kwenda Roma, na ndani yake kuna mwanaume aliyeshindwa na maisha. Kazi hana, pesa hana. Amebeba mkoba wenye bomu, na palepale uwanjani amenunua bima ya safari, ili ndege ikilipuka mkewe alipwe. Siku hizo bima hiyo ilikuwa inauzwa uwanjani kama sisi tunavyonunua vocha.

Bibi akanisimamisha. "Hakuna aliyemfungulia mkoba?"

Hakuna, bibi. Marekani ilianza kuwapekua abiria wote na mizigo yao ya mkononi Januari 1973. Kabla ya hapo ulikuwa unafika na tiketi yako, ndugu zako wanakusindikiza mpaka karibu na mlango wa ndege, unapanda, unawasha sigara. Watu walivaa kama wanaenda harusini. Kwenye sinema hizi utaona suti, kofia, makoti ya manyoya, wahudumu wanawamiminia watu vinywaji, na rubani anapita kuwasalimia.

Bibi akacheka. "Mimi wamenifungua mpaka mdomo. Wamehesabu meno."

Halafu akatokea yeye. Ni mama mzee, mdogo wa umbo, ana mkoba wake wa mkononi na uso wa mtu anayetoka kanisani. Anaitwa Ada Quonsett, na aliyemwigiza, Helen Hayes, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Huyu mama anapanda ndege bila tiketi. Ana binti New York na yeye anaishi upande wa pili wa nchi, Los Angeles, na nauli hana, basi anaingia tu. Akikamatwa anawaeleza wakubwa wa uwanja mbinu zake bila aibu. Kwa mfano, anamwambia mhudumu wa mlangoni kwamba mwanawe ameshapanda na amesahau pochi yake, aingie ampelekee mara moja. Anaingia, hatoki. Wanamweka chini ya ulinzi wa kijana mmoja wamrudishe kwao, anamponyoka, anapanda ndege ya Roma. Na anakaa wapi? Pembeni ya yule mtu wa bomu.

Bibi alikuwa ameegemea ukuta. Akaja mbele. Nilipomaliza kutafsiri habari ya pochi alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka 1996 alipita hivyohivyo. Mtumbwi ulikuwa umejaa, wanasukuma watu warudi ufukweni. Akamshika mkono kijana wa kasia ambaye hakuwahi kumwona maishani, akapiga kelele, "Mwanangu huyu! Mnaniacha na mwanangu anakwenda?" Yule kijana alimwangalia, akasema ndiyo, ni mama yangu. Mimi nimekua naye miaka yote hii na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Kwenye intavyuu zote alisema tu "tulipanda mtumbwi", na ni kweli walipanda mtumbwi.

Nikiwa peke yangu baadaye nilijiuliza kwa nini sinema ya watu waliovaa makoti ya manyoya ilitushika hivyo, sisi ambao hatujawahi kukanyaga uwanja wa ndege. Nadhani ni ule usiku wenyewe. Bomu linalipuka chooni, ukuta wa ndege unatoboka, rubani anageuza kurudi, na kule chini uwanja mzima unakesha kwa ajili ya ndege moja. Meneja haendi nyumbani. Wa mnara haondoi macho. Fundi mmoja, Joe Patroni, sigara kubwa mdomoni, anaingia kwenye ile ndege iliyokwama, wanamwambia injini haziwezi, anazikoroma hadi ndege inachomoka kwenye theluji. (Kila zoni ina Patroni wake. Wetu ni yule wa pampu ya maji, mnamjua.) Hofu ya kuanguka sikuiona sana. Niliona watu wengi wasiolala mpaka abiria wafike. Hicho ndicho nilichokionea wivu, siyo sahani za vioo.

Na bibi, hofu ikamwisha! Siku zilizofuata akawa anadai nyingine. Airport 1975, ndege ndogo inagonga pua ya ndege kubwa ya 747, marubani hawafai tena, mhudumu wa kike anashika usukani mpaka wanamshusha rubani mwingine kwa kamba kutoka helikopta. Airport '77, ndege inatekwa na kuzama baharini nzimanzima na watu ndani, wanainuliwa kwa maputo. Hiyo alisema ni uongo, akaitazama mara mbili.

Ile ya Concorde ndiyo iliyomfungua mdomo. Alipoona lile domo limeinama kama la korongo akasema, "Ya Mobutu hiyo!" Mwalimu akathibitisha. Mobutu alikuwa anaikodi Concorde, inamfuata kwao Gbadolite, msituni, na njia ya kurukia ilijengwa ndefu ili iweze kutua. Hapo bibi akaanza kusimulia safari ya babu, Goma hadi Kinshasa, kwa Air Zaïre yenye chui mkiani. Ilikuwa mara moja tu maishani mwake, kwa kazi. Babu alishonewa abakosti mpya, maana wakati huo suti na tai zilikuwa marufuku. Familia nzima ikamsindikiza, wakapika kuku, watoto wakapungia ndege mikono mpaka ikawa nukta. Bibi alikuwa na picha ya siku hiyo. Ilibaki upande ule wa ziwa.

Kitu kimoja sikumwambia. Concorde iliyopigwa picha kwenye sinema hiyo ndiyo iliyokuja kuanguka karibu na Paris tarehe 25 Julai 2000. Walikufa watu 109 waliokuwa ndani na wanne waliokuwa chini. Mwalimu alijua, tukaangaliana tu.

Januari 2025, wiki mbili kabla ya tarehe yetu, safari zikasitishwa. Habari ilikuja kwa simu, maneno machache. Sina haja ya kuwaeleza, wengi wenu mlikuwa kwenye orodha hiyohiyo. Tulikuwa tumeshauza kitanda, sufuria kubwa na kuku wote. Wateja wa maandazi wa bibi walishamuaga, na mwingine akamfunga kitenge. Mimi nilishaacha kozi ya kushona kwa sababu nani ataanza suruali asiyoimaliza. Aliyenunua kitanda aliturudishia kwa bei ileile, tena kwa mkopo, Mungu amzidishie. Lakini salamu ya njiani, jamani: "Kumbe bado mpo?" Hakuna aliyeisema kwa ubaya. Nilianza kupita njia ya nyuma, ya mashambani, ili nisiisikie.

Bibi yeye alikaa siku kadhaa, halafu akasema jambo moja. Mnajua tiketi zetu ni za mkopo, unasaini kwamba utalipa ukifika. Akainua dole gumba lake, akaliangalia. "Yule mama alipanda ndege bila kulipa. Mimi nimetia dole kwa ndege ambayo sijaipanda."

Kwa wiki nyingi hatukugusa laptopu. Mwezi wa tatu mwalimu mwenyewe akaja nayo, akasema kuna moja hatujaiona, ni ya kuchekesha, inaitwa Airplane! ya 1980. Ila kwanza, akasema, tuitazame ile ya 1957. Zero Hour! ni sinema ya huzuni tupu. Abiria wanakula samaki mbovu ndani ya ndege, marubani nao wanaugua, na anayebaki kuishika ndege ni mtu aliyerusha ndege vitani na tangu hapo anaziogopa. Kesho yake tukaweka Airplane!. Kumbe vijana watatu wa Marekani walinunua haki za ile ya kwanza, wakachukua kisa kilekile, samaki walewale, rubani yuleyule mwenye hofu, na sehemu nyingi maneno yaleyale, wakayapa waigizaji waliozoeleka kwa sinema nzito na kuwaambia wasicheke hata kidogo. Watoto wa jirani walijigaragaza chini.

Bibi hakucheka mwanzoni. Akaniuliza, "Hii si ile ya jana? Mbona maneno ni yaleyale na leo wanacheka?"

Mimi nikakumbuka intavyuu. Mlitoka kijiji gani, saa ngapi, mtumbwi ulikuwa na watu wangapi, ulijuaje kwamba ni watu wale. Mara ya kwanza bibi alilia na mkalimani akalia. Mara ya pili alilia peke yake. Mara ya nne mkalimani alikuwa anamalizia sentensi kabla bibi hajaifikisha, na bibi akamsahihisha idadi ya watu. Nilipomweleza hivyo alitulia kidogo, kisha likamtoka cheko ambalo sikulisikia tangu Desemba, lile la kushika mbavu. "Basi wakiniita tena nitasema yaleyale," akasema. "Safari hii tutacheka wote."

Juzi jioni aliomba Airport, ile ya mwanzo. Siyo yote. Alitaka mwisho, pale ndege imeshatua na shirika limempa yule mama tiketi ya bure ya daraja la kwanza kwa msaada wake, na yeye analalamika kwamba ukiwa na tiketi safari haina utamu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, sola haikujaza, betri ilikuwa asilimia tisa. Nikaharakisha kutafsiri.

"Lakini kwa binti yake alifika?"

Alifika, bibi.

"Sijaona mlango. Sijaona binti anafungua mlango. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Hakuna mlango kwenye sinema ile, mimi najua, nimeitazama mara nne. Nikarudisha tena pale kwenye dirisha la tiketi, tukaangalia mpaka ikazima.