Vichwa Sitini: Shajara ya Kofia za Vito

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Mombasa

Shangazi amenitumia kofia nne kwa mkono wa dereva wa basi la Lamu, zimefungwa ndani ya leso. Kofia za vito, zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, kazi ya mkono mtupu. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi: "Mwanangu, nitafutie watu wa nje. Hapa wanataka kunipa bei ya mashine."

Ana haki. Leo nimepita Biashara Street nikaona kofia za mashine zimepangwa kwa mabunda, na bei yake haifiki robo ya anayotaka yeye. Muuzaji hakunificha kwamba zinatoka China. Zimenyooka, nyeupe, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha na za Shangazi.

Lakini "watu wa nje" ni akina nani, na kumfikia mmoja wao kutanigharimu shilingi ngapi? Nimejipa mpaka katikati ya Oktoba kupata jibu, kabla harusi za Desemba hazijaanza kupamba moto. Mtaji wa kuchezea sina.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na takwimu za forodha, nikidhani zitanionyesha nani ananunua kofia duniani. Hazionyeshi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kofia zote za kitambaa zimo chini ya namba 6505: ya Shangazi, ya mchezaji wa besiboli na ya mpishi wa hoteli. Soko dogo namna hii halionekani kwenye vitabu vya serikali yoyote.

Mitambo ya kupima yanayotafutwa kwenye intaneti nayo haikusaidia sana. Ukiandika kofia unaletewa helmeti na kofia za jua. Ukiandika kumma unapelekwa Oman. Ukiandika kufi unaangukia kofia za kufuma za Wamarekani Waislamu, dola chache kwa moja. Kwa kofia ya vito yenyewe mtambo hautoi hata namba; watafutaji ni wachache mno. Mtu wa haraka angesema basi hakuna soko. Mimi nasema tu kwamba mnunuzi wa kofia hii haanzi kwa kuandika kwenye simu. Anaanza kwa kumuuliza mtu.

Jumatatu, 11 Agosti

Hesabu ya kofia moja, kwa bei ya 6,000:

Mshonaji 4,000. Bafta, uzi na kufua, 500. Zinabaki 1,500. Humo ndani kuna gharama ya kumpata mnunuzi, ya kumfikishia, na riziki yangu. Maana yake kila njia nitakayoijaribu nitaipima kwa swali moja: je, inaniletea mnunuzi kwa chini ya 1,500, na iwe chini sana?

Mshonaji sitampunguzia. Kofia yenye vito tele, kwa mwanamke anayepika, anayelea na kushona alasiri, huchukua miezi miwili. Hiyo 4,000 yenyewe ni aibu.

Jumatano, 20 Agosti

Tangazo la kulipia nililoweka kwenye mtandao limekwisha muda wake. Nililigawa nusu kwa nusu, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, Mombasa, Nairobi na Lamu, kwa shilingi 3,000. Walioipenda picha ni wengi. Walioandika "bei?" ni wengi pia, na nilipotaja bei wengi wao wakanyamaza. Aliyenunua ni mmoja, mama wa Likoni.

Kwa hiyo mnunuzi mmoja kwa 3,000, mara mbili ya yote niliyonayo. Njia hiyo naifunga.

Ila limenipa jambo nisilolitarajia. Wanaume waliuliza bei. Wanawake waliuliza kipimo cha kichwa na itakuwa tayari lini. Kofia huvaliwa na bwana harusi, lakini anayeisumbukia ni mamake, shangazi yake, dada zake. Hilo, ukitazama jinsi harusi zetu zinavyoendeshwa, si ajabu hata kidogo: bwana harusi huonyeshwa nguo zake, hachagui.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimesoma tena makala ya Kevin Kelly ya mwaka 2008 kuhusu mashabiki wa kweli 1,000. Anasema msanii hahitaji mamilioni. Akipata watu 1,000 wa kumpa dola 100 kila mmoja kwa mwaka, anaishi. Maneno mazuri, na yamewatia moyo wengi. Lakini yanamfaa zaidi mwenye kitu kinachozalika upesi, kama wimbo uliorekodiwa mara moja na kuuzwa mara elfu. Kofia haizaliki hivyo.

Nimempigia Shangazi nikamuuliza wako wangapi wanaoshona vizuri kiasi cha yeye kuweka jina lake. Akawataja, tukafika kumi. Kila mmoja kofia sita kwa mwaka. Jumla 60.

Tangu mwanzo nilikuwa nauliza wanunuzi wako wangapi duniani. La kuulizwa ni nahitaji wangapi, na jibu ni vichwa 60 kwa mwaka, vitano kwa mwezi. Wakija 1,000 kesho nitakuwa na watu 940 wa kuwaomba radhi, na mwongo ni mimi.

Jumamosi, 30 Agosti

Marekani imejifuta yenyewe kwenye orodha yangu ya masoko. Tangu jana, kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 hakiingii tena bila ushuru. Kenya tumo kwenye kundi la asilimia 10, kwa hiyo kwa kofia ya dola 46 au 47 ushuru wenyewe ungekuwa chini ya dola 5. Si mzigo. Mzigo ni kwamba posta za nchi nyingi zimesimamisha vifurushi vya kwenda huko kwa sababu haijaeleweka nani atakusanya huo ushuru. Na katika kipindi hiki cha mpito kuna njia ya kulipa kiwango kimoja kwa kila kifurushi: kwa nchi za kundi letu ni dola 80. Dola 80 juu ya kofia ya 46!

Binamu yangu aliyeko Minneapolis atasubiri aje mwenyewe kuichukua kofia.

Jumapili, 7 Septemba

Maskati. Nilijua tutafika hapa, na nilikuwa na matumaini. Wako Waomani wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa au kwa wazazi wa huko, waliorudi hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, na Kiswahili chao bado kinasikika Muttrah. Kofia kwao si pambo la harusi tu, ni vazi la kila siku. Riali moja inakaribia dola 2.6. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 tu. Ukilitazama kwa karatasi, hakuna soko zuri kuliko hilo.

Binamu yangu anayeishi huko amezunguka sokoni kwa ajili yangu, akanirudishia jibu leo: "Bro, za mkono zimejaa. Za Bangladesh." Nimesoma, ni kweli. Huko Rangpur wapo wanawake wengi vijijini wanaodarizi kofia za Oman kwa mkono, na zinasafirishwa kwa shehena. Kwa hiyo hata neno "kazi ya mkono", ambalo ndilo silaha yangu Mombasa, Maskati halikati. Wenzao wameshajipanga: mawakala, vitambaa vilivyokwisha chorwa, ukaguzi, bei ya jumla. Wanawake kumi wa Lamu hawawezi kushindana nao kwa bei, na sioni kwa nini wajaribu.

Nimeikata Maskati. Imeniuma kuliko Marekani.

Jumanne, 16 Septemba. Lamu

Wageni wa Maulidi wanashuka jetini tangu asubuhi. Maulidi ya Riyadha huwa mwisho wa Mfunguo Sita, na watu huja kutoka Tanzania, Komoro na pwani yetu yote. Nimekaa barazani kwa Shangazi na kofia zangu juu ya mkeka, naangalia tu jinsi watu wanavyozishika.

Wengi huitazama juu, huivaa, hujitazama kwenye simu, huuliza bei, hushtuka. Kisha akaja mzee mmoja Mkomoro. Salamu, kahawa, habari za safari. Akaiokota kofia, na kabla ya jambo lolote akaigeuza nje-ndani. Akaupitisha ukucha kwenye mishono. Ya mashine, ukiitazama ndani, unaona uzi wa chini uliotambaa na vipande vya karatasi ya kukazia. Ya Shangazi ndani inakaribia kufanana na nje, na vitundu vyake vimezungushiwa uzi kimoja kimoja. Mzee hakuuliza kwa nini ni ghali. Aliuliza nani ameshona.

"Mimi, baba," Shangazi akajibu kutoka mlangoni.

"Mikono yako isichoke, mama."

Akalipa bila kuvutana. Pale ndipo nilipoona gharama niliyokuwa siiandiki kwenye hesabu zangu. Kumpata mtu ni nusu ya gharama. Nusu ya pili ni kumweleza. Anayeigeuza kofia ndani hana haja ya maelezo. Kuanzia leo picha nitakayotangulizia ni ya ndani ya kofia, si ya nje. Asiyeielewa atapita zake na hatanipotezea muda, na anayeielewa ataandika.

Jumatano, 17 Septemba. Lamu

Jambo la kisanduku. Kampuni za vifurushi vya ndege hazitozi kwa mizani tu. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, na uzito utakaopatikana ukizidi wa mizani, unalipa huo. Kofia iliyotiwa wanga ikasimama inataka kisanduku cha 25 kwa 25 kwa 12. Hiyo ni kilo moja na nusu kwa kitu chepesi kama ganda la mkate. Nauli niliyotajiwa inakaribia bei ya kofia yenyewe.

Shangazi akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto. Akaichukua kofia ambayo haijatiwa wanga, akalikunja duara la juu ndani, akailaza kati ya magazeti mawili. 30 kwa 20 kwa 2: robo ya kilo. "Wanga atatia mwenyewe," akasema. "Kama hajui kutia wanga, kofia hii si yake."

Jumatano, 1 Oktoba. Mombasa

 

Uingereza nimeichungulia pia. Tangu Januari 2021, anayemuuzia mtu wa huko moja kwa moja bidhaa ya hadi pauni 135 anatakiwa ajisajili na mamlaka ya kodi ya Uingereza na atoze asilimia 20. Kwa kofia mbili tatu kwa mwaka, ni kichekesho. Lakini zawadi halisi, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, isiyozidi pauni 39, haitozwi. Kofia ya 6,000 ni kama pauni 34 au 35. Basi mama wa Kibokoni, hapa Mombasa, anayenunua na kumpelekea mwanawe London hana tatizo na mtu. Na tena mimi nimeuza Kibokoni, sikuuza London.

Ughaibuni wote huenda unafikika kwa njia hiyo: kupitia mama zao.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeongea na mafundi wa kanzu wa Mji wa Kale. Mmoja amekubali kutundika kofia moja, iliyogeuzwa ndani, na kupokea 500 kwa kila itakayouzwa kupitia kwake. Shida aliyonieleza ni ya muda. Bwana harusi hufika kupima kanzu wiki tatu kabla ya harusi, nasi tunataka miezi miwili. Fundi anafaa kwa kofia zilizo tayari. Kwa oda, inabidi kuwapata kina mama wakati posa inapokubaliwa.

Hao nimewapata kwa simu, bila senti. Orodha moja ya kutangazia kwenye WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe haumfikii ila aliyehifadhi namba yako. Wafanyabiashara wengi hulalamikia sharti hilo. Mimi linanifaa: mwenye namba yangu ameshajichuja. Na 256 ni zaidi ya mara nne ya 60.

Jumapili, 12 Oktoba

Uamuzi, kabla sijashawishika na jambo jingine.

Soko la kofia ya vito linafikika kwa gharama tunayoimudu, ndani ya Mombasa, Lamu na Nairobi, kupitia kina mama wa maharusi na fundi mmoja wa kanzu. Kumpata mnunuzi ni shilingi 500 kwa fundi, au muda wangu kwa simu. Oman tusiende. Marekani tusiende kwa sasa. Uingereza watanunuliwa na wazazi wao, ingawa kwa bei mpya zawadi itavuka zile pauni 39. Tangazo la kulipia hapana. Bei ipande iwe 7,500, na hiyo nyongeza yote iende kwa mshonaji, Mkomoro angelipa. Arbuni nusu, kichwa kipimwe kwa utepe, kofia itoke bila wanga.

Nimemsomea Shangazi kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: nani atawafundisha wasichana wawili wanaotaka kuanza, na watalipwa nini wakati bado wanaharibu bafta. Sikuwa nimelihesabu hilo. Tumekubaliana shilingi 200 kwa kila kofia zitengwe kwa ajili yao, kutoka kwenye 1,500 yangu.

Orodha ya oda imejaa mpaka Idi. Mwenye harusi ya Desemba aende kwa fundi, zimebaki kofia tatu.